Mgambo waliokwenda Kagera na mgambo tunaowakimbia leo

Mwezi wa saba nilikuwa Mufindi kwa baba mkubwa, baridi lile la kuuma masikio, ukungu umelalia misindano huoni hata mita 20, alfajiri nikasikia chenja zinatokea kiwanja cha shule. Vijana wa mgambo, yaani jeshi letu la akiba, walikuwa kwenye mchakamchaka na bunduki zao za mbao, mmoja buti limeachia soli kalifunga na kamba ya katani. Baba mkubwa akatoka na blanketi begani akawaangalia mpaka ukungu ukawameza. Yeye ni mgambo wa 1978, wa vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda.

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2 aliisikilizia kwa jirani mwenye redio, watu wamejaa mpaka dirishani, na Mwalimu aliposema uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, anasema hakuna aliyesubiri kuitwa mara mbili. Jeshi lililokuwa na watu kama 40,000 hivi, ndani ya miezi michache likapita 100,000 ukijumlisha mgambo, polisi, magereza na JKT, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Mi naamini kilichojaza yale malori ni kwamba watu waliielewa sababu na walimwamini aliyewaambia, basi.

Na hili halipo kwetu tu. Angalia Ukraine, mwanzoni mwa 2022 watu walipanga foleni kujiandikisha wenyewe, vita ikakolea, majeneza yakazidi, uchovu ukaingia, ilipofika Aprili 2024 serikali ikashusha umri wa kuitwa jeshini kutoka 27 hadi 25. Urusi nao Septemba 2022 wakatangaza kuita askari wa akiba 300,000 na vijana kibao wakakimbilia mpaka wa Georgia na magari yao. Marekani ndo usiseme, vita ya Vietnam iliwachukiza wananchi mpaka 1973 wakaacha kulazimisha watu kuingia jeshini, na wakati ule vijana wengi walikuwa wanajificha humo humo kwenye jeshi la akiba ili wasipelekwe, ila ilipokuja Iraq hao wa akiba ndo wakabebwa kwa maelfu, na 2005 jeshi likashindwa kufikisha lengo lake la kuandikisha watu 80,000.

Sasa nirudi kwetu, maana ndo panaponiuma. Mtoto wa mjini leo ukimwambia mgambo anamuona mtu na rungu anapiga teke beseni la ndizi la mama wa watu. Nimeyaona kwa macho yangu, ndizi zinagalagala kwenye mtaro na yule mama anaziokota huku analia mtoto mgongoni. Huyu mama kesho ukimwambia mwanao aingie jeshi la akiba atakuelewa vipi? Imani ya wananchi ndo ghala lenyewe la jeshi la akiba, na sisi tunaichoma kila siku kwa sababu ya ushuru na meza za barabarani. Kazi ya kufukuza wachuuzi wapewe watu wengine wenye jina lingine na sare nyingine kabisa. Na hawa wanaofundishwa vijijini wapewe japo viatu jamani, maana kijana anaacha shamba miezi kadhaa, kwata, doria, jua na mvua, halafu buti ajinunulie mwenyewe!

Jioni yule wa kamba ya katani akapita pale nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mmebakiza muda gani?"

"Mwezi na kidogo baba. Nikipata cheti naenda Dar kutafuta lindo."

Sikumlaumu hata kidogo, ndo ajira iliyopo. Baba mkubwa naye hakusema neno juu ya cheti wala lindo. Alimwambia avue hilo buti, akaingia ndani akatoka na shazia na uzi wa nailoni, akakaa kwenye kigoda akaanza kulishona.