Ubavu wa Kulia wa Punda Milia

Mwezi Januari 2016, mamia ya watu, wakiwamo wanafunzi, walinzi wa wanyama na raia wa kawaida, walizunguka nyanda za kati na kaskazini mwa Kenya kwa siku mbili wakiwa na agizo moja: kila punda milia wa Grevy watakayemwona, wampige picha ubavu wa kulia. Milia ya mnyama huyo haifanani na ya mwenziwe, kwa hiyo programu ya kompyuta iliweza kumtambua kila mmoja wao, na idadi yao nchini ikakadiriwa kuwa 2,350 hivi. Ubavu ulipaswa kuwa uleule kwa wote, kwa sababu milia ya kushoto hailingani na ya kulia, na mnyama aliyepigwa picha huku na kule angeonekana kuwa wawili.

Picha ya namna hiyo haidai uzuri. Mnyama asimame upande, jua la saa saba limchome, nyasi zimfiche kwato. Maadamu milia inasomeka, kazi imefanyika. Kwangu mimi, huo ndio mchango wa kamera usiotiliwa shaka.

Watetezi wa picha za kugusa moyo nao wana hoja nzito. Mwaka 2007, gorila kadhaa wa milimani walipouawa kwa risasi huko Virunga, mashariki mwa Kongo, Brent Stirton aliwapiga picha wanaume waliombeba begani dume mkubwa, Senkwekwe, juu ya machela ya miti, mfano wa jeneza. Jedwali la idadi lisingeitikisa dunia kama picha ile ilivyoitikisa. Lakini mpigapicha alifika msiba ukiwa umekwisha kutokea. Hakumsumbua mnyama yeyote aliye hai.

Hapo ndipo ugumu wa Maasai Mara unapoonekana. Utafiti wa Femke Broekhuis uliochapishwa mwaka 2018 ulibaini kwamba, katika maeneo yenye watalii wengi, duma jike alilea kwa wastani watoto 0.2 tu wa kila uzao hadi wakajitegemea, ilhali penye watalii wachache wastani ulikuwa 2.3. Haikuonekana kwamba magari huwaua watoto hao moja kwa moja. Linalodhaniwa ni kwamba msongamano humvurugia mama mawindo au kumfukuza kwenye kitoweo alichokwisha kukipata. Na wengi wa waliomo ndani ya magari hayo wameshika kamera, na wanaamini, kwa nia njema kabisa, kwamba wanampenda duma.

Mtu aweza kujibu kwamba bila picha hizo watalii wasingekuja, na bila watalii wenye ardhi wanaozunguka Mara wasingelipwa kodi ya kuyaacha malisho yao kwa wanyamapori. Ni kweli, na sioni namna ya kuikwepa hoja hiyo. Hata hivyo, haithibitishi kwamba magari ishirini yanahitajika pale ambapo matano yangetosha. Dereva akisikia redioni kwamba duma ameonekana, hukimbilia huko akijua kwamba bakshishi ya jioni hutegemea ukaribu wa picha, na kumlaumu yeye peke yake ni uonevu. Mwenye lenzi ndefu ndiye anayeweza kumwambia, kabla hawajaondoka kambini, kwamba bakshishi yake ipo hata wakisimama mbali.