Wananchi Walipoamua Kuchunguza Anga Wenyewe

Ukitaja mbele za watu visahani vinavyoruka, vile vyombo vya angani vinavyodhaniwa kutoka sayari nyingine, mjadala huishia palepale: hao viumbe wa sayari nyingine wapo au hawapo? Swali hilo halinishughulishi sana. Kinachonigusa ni kwamba mwaka 1952, huko Marekani, raia wa kawaida waliona Jeshi la Anga haliwasikilizi watu walioona vitu angani, wakaamua kuwasikiliza wao. Walifanya jambo la maana, na hadi leo hawajapewa heshima wanayostahili.

Mambo yalianza kupamba moto tarehe 24 Juni 1947, rubani Kenneth Arnold aliposema ameona vitu tisa viking'aa na kupita kwa kasi karibu na Mlima Rainier, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Magazeti yakaivalia njuga habari hiyo, na ripoti zikaanza kumiminika kutoka kila upande. Jeshi la Anga likaunda mradi mmoja baada ya mwingine wa kuchunguza ripoti hizo, hadi ule wa Blue Book uliokuwa na makao yake katika kambi ya Wright-Patterson, Ohio. Lakini jeshi lilikuwa na swali lake: je, kitu hiki kinahatarisha usalama wa taifa? Likishajiridhisha kwamba hakuna hatari, jalada linafungwa. Mkulima aliyekiona kitu hicho akabaki na maswali yake.

Pengo hilo ndilo aliloliona Coral Lorenzen, mama wa Sturgeon Bay, Wisconsin. Januari 1952, yeye na mumewe Jim walianzisha shirika la kutafiti matukio ya angani, APRO. Hakuwa mwanasayansi. Alichokuwa nacho ni bidii ya kukusanya ripoti, kuchapa jarida na kuandikiana barua na watu wa mbali. Huko Brazili, kwa mfano, mwenzao alikuwa daktari Olavo Fontes. Baadaye wakaongeza wanasayansi wa kuwashauri.

Serikali ikafanyaje? Januari 1953, jopo la wanasayansi lililoitishwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, chini ya mwanafizikia H. P. Robertson lilipendekeza vikundi vya namna hii vifuatiliwe kwa karibu, kwa kuwa vingeweza kuathiri fikra za umma. APRO ilitajwa kwa jina, ikiwa ndiyo kwanza imetimiza mwaka mmoja! Hapo hasira hunipanda. Raia anauliza swali halali, naye anageuzwa mtu wa kuchungwa.

Na kazi yenyewe, ikifanywa sawasawa, haina uchochezi wowote. Shahidi anasema aliona taa kubwa kama nyumba. Mchunguzi mzuri hambishii wala hamshangilii. Anarudi naye mahali aliposimama, ikiwezekana saa ileile, anamwomba anyooshe mkono aonyeshe taa ilikuwa juu kiasi gani kutoka upeo wa macho. Anapima mwelekeo kwa dira. Anamuuliza: ungeshika sarafu kwa mkono ulionyooka, ingeifunika taa hiyo? Swali hili ni muhimu kupita mengine, maana gizani, kama hujui taa iko umbali gani, huwezi kujua ukubwa wake. Kitu kidogo kilicho karibu na kikubwa kilicho mbali huonekana sawa. Kisha anakwenda kutazama Zuhura, sayari inayong'aa sana, ilikuwa wapi jioni hiyo, na kama kuna puto la hali ya hewa lililorushwa au ndege iliyopita. Mara nyingi jibu hupatikana.

Jibu la namna hiyo mimi naliheshimu. Mtu akiambiwa "uliiona Zuhura", akaonyeshwa saa, mwelekeo na kimo chake, amejibiwa kama mtu mzima mwenye akili zake. Linganisha na Michigan, Machi 1966. Makumi ya watu waliripoti taa za ajabu, na J. Allen Hynek, mwanafalaki mshauri wa Jeshi la Anga, akawaambia waandishi wa habari kwamba huenda baadhi yake ni gesi ya kinamasi inayoweza kuwaka. Watu walihisi wamedharauliwa, na Gerald Ford, mbunge kutoka Michigan, akadai Bunge lilichunguze suala hilo. Hynek mwenyewe alizidi kutoridhishwa na utaratibu wa jeshi, na mwaka 1973 akaanzisha kituo chake cha utafiti, CUFOS, nje ya serikali.

Kulikuwa pia na NICAP, shirika jingine la raia, lililoanzishwa mjini Washington mwaka 1956 na kuongozwa kwa muda mrefu na meja mstaafu Donald Keyhoe. Hao walielekeza nguvu kwenye kuibana serikali ifichue siri, na hata Roscoe Hillenkoetter, aliyepata kuwa mkurugenzi wa CIA, alikaa kwenye bodi yao. Siwabezi. Ila ukitegemea ugomvi na serikali ili uishi, serikali ikijitoa unabaki bila kazi. Blue Book ilifungwa Desemba 1969, kati ya ripoti 12,618 zikibaki 701 bila maelezo. Mwezi huohuo Keyhoe akaondolewa, na NICAP haikusimama tena vizuri.

APRO nayo ilikufa mwaka 1988, Coral alipofariki. Kinachoniuma zaidi ni kwamba majalada yake, kazi ya zaidi ya miaka 35, yaliangukia mikononi mwa watu binafsi na kwa miaka mingi watafiti hawakuweza kuyafikia. Mashahidi wale walitoa maelezo yao wakiamini yatasomwa.

Ndiyo maana, kwa yeyote anayefikiria kuanzisha shirika kama hili leo, ningetaka katiba yake iseme tangu siku ya kwanza majalada yatakwenda maktaba gani au chuo kikuu gani shirika likifa, na kwamba kesi zilizopatiwa majibu zitachapishwa sambamba na zile zilizoshindikana. Ufaransa, shirika la anga la serikali, CNES, lina kitengo cha kazi hii tangu 1977, na mwaka 2007 lilianza kuweka majalada yake kwenye intaneti, majina ya mashahidi yakiwa yamefichwa. Shirika la wananchi, linaloomba imani ya wananchi wenzake, haliwezi kutoa chini ya hapo.