Mbwa Mwoga Haburutwi

Katika nyumba nyingi za Nairobi zenye mbwa wa ulinzi, mbwa hufungiwa kibandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku ili alinde boma, na kamba huiona siku ya chanjo tu au wageni wanapokuja naye akafungwa mtini. Mbwa wa namna hii anapotolewa kutembezwa kwa mara ya kwanza, hulala chini langoni, akafyata mkia na kukataa kunyanyuka. Mwenyewe huuita huo ukaidi. Kwa maoni yangu, mbwa huyo ameyashika vizuri yale tuliyomfundisha.

Mtoto wa mbwa huzoea mambo mapya kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi tangu azaliwe. Aliyekipitisha kipindi hicho nyuma ya mabati hukutana na bodaboda, mikokoteni na watoto wa shule kwa mpigo mmoja, tena akiwa amefungwa shingoni na hana pa kukimbilia. Ukimburuta wakati huo, unamthibitishia kwamba hakukosea kuogopa.

Kazi na ianzie uani. Mkanda wa kifuani unaomkaa vizuri unafaa kuliko mnyororo, kwa sababu haumkabi koo anapovuta kurudi nyuma. Uwekwe kando ya sahani yake mpaka auzoee, avalishwe huku akila, kisha afungwe kamba nyepesi aikokote mwenyewe, nawe ukiwa karibu asije akanasa mahali. Vipande vya maini yaliyochemshwa, vidogo kama punje ya mahindi, vitakusaidia kumtuza na pia kumpima: mbwa mpenda maini akiyapa kisogo, hofu imemzidi, na ni wajibu wako kumrudisha mahali alipokuwa ametulia. Hata kabla ya hapo huwa ameshasema, kwa kujilamba midomo ilhali hana chakula, kwa kupiga miayo bila usingizi, au kwa kulaza masikio na kutoa weupe wa jicho.

Langoni ndipo wengi tunapoharibu. Inatosha kusimama naye alfajiri, lango likiwa wazi, mkatazama barabara kidogo na kurudi ndani. (Majirani watacheka, waache wacheke.) Watoto wakija, waombe wasimguse, na umshike kwa kamba fupi, kwani wapita njia nao wana sababu ya kuogopa mbwa katika nchi ambayo bado inapambana na kichaa cha mbwa.

Wapo wasemao kwamba mbwa akizoeshwa hivi atalainika, asifae tena kwa ulinzi. Sikubaliani nao. Mbwa aliyejaa hofu humng'ata yeyote aliye karibu, akiwemo mtoto wa nyumbani, ilhali mbwa mtulivu bado hubweka akisikia hatua ngeni ukutani usiku. Ninachokubali ni kwamba wapo mbwa wazima ambao hawatalizoea lango kamwe, na hao watembezwe uani, asubuhi na jioni, kwa kamba nyepesi ileile, ikiwa imelegea.