Gemu kama rejea katika kazi ya sanaa

Mwanafunzi wa sekondari hapa Dar es Salaam anachora kisiwa alichokiona kwenye gemu ya mtandaoni, kisha chini ya karatasi anaandika: "Chanzo: Fortnite". Mwalimu wa sanaa aupokee mstari huo au aukate kwa wino mwekundu? Kwangu mimi mtoto huyo amekuwa mkweli, ila hajamaliza kazi.

Wanaokataa wana hoja nzito. Rejea ni ya kumfikisha msomaji pale ulipofika wewe. Kitabu kikitoka toleo jipya, la zamani hubaki rafuni. Gemu ya mtandaoni ikishasasishwa, ya jana haipo tena. Oktoba 2019 kisiwa kizima cha Fortnite kilimezwa na shimo jeusi, na wachezaji waliporudi walikuta kisiwa kingine. Aliyechora kile cha kwanza angemwonyesha mwalimu nini?

Lakini mbona ukali huo hatuuoni kwingine? Mwanafunzi akienda Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, akamchora chui aliyepakwa rangi ya mafuta, tunampongeza. Chui huyo kesho ananunuliwa na mtalii, na mchoraji anachora mwingine mwenye madoa tofauti. Hatujawahi kumwambia mwanafunzi kwamba chanzo chake kimepotea. Na gemu nazo huchorwa na wasanii. Tangu 2012 jumba la sanaa la MoMA, New York, linazihifadhi, zikiwemo Pac-Man na Tetris.

Gemu zenyewe hazifanani. Minecraft, gemu ambayo dunia yake imejengwa kwa matofali, ilipotoa toleo 1.14, Aprili 2019, sura za matofali yake zilikuwa zimechorwa upya, na katika sanaa rangi na mikwaruzo ya jiwe ndiyo somo lenyewe. Hata hivyo, Minecraft ya Java, yaani ile ya kuchezwa kwenye kompyuta, humruhusu mchezaji kuchagua toleo la zamani na kulifungua. Hapo mwalimu anaweza kuhakiki.

Kwa hiyo ningekubali rejea iliyoandikwa hivi: "Minecraft ya Java, toleo 1.14, nimecheza tarehe 3 Machi, kijiji cha jangwani, jua likizama", ikiambatana na picha ya skrini. Kuchapa picha ya rangi steshenari ni gharama, na si kila nyumba ina kompyuta au bando la kuchezea, kwa hiyo kazi isilazimishe gemu, na picha ionyeshwe hata kwenye simu ya mzazi. Mwalimu akiitazama aulize jua linazama upande gani, na kwa nini kwenye mchoro limekaa upande mwingine.