Ishu ya Kneecap: kuropoka jukwaani ni uchochezi, au ni kuropoka tu?

Klipu yenyewe fupi tu. Novemba 2023, jamaa mmoja wa kundi la rapu la Kneecap yuko jukwaani kashika maiki, katikati ya shoo anawaambia mashabiki kwamba Tory mzuri ni yule aliyekufa, yaani mtu wa chama cha Conservative ambacho ndo kilikuwa kinatawala Uingereza wakati huo, alafu anamalizia na kamstari kengine: muueni mbunge wa jimbo lenu. Basi, shoo ikaendelea. Klipu ikaja kulipuka Aprili 2025, karibu mwaka na nusu baadaye, na kuanzia hapo ni makelele mpaka mahakamani.

Kwa ambao hamjawafuatilia, Kneecap ni kundi la rapu la watu watatu kutoka Ireland ya Kaskazini, wawili wa Belfast na DJ wao wa Derry, wanarapu kwa Kiairishi wanachanganya na Kiingereza. DJ alikuwa mwalimu wa shule, jukwaani anaziba uso na kofia yenye kijani, nyeupe na chungwa, rangi za bendera ya Ireland. Filamu yao ya 2024 ilibeba mpaka tuzo ya BAFTA, tuzo kubwa za filamu za Uingereza. Na hilo jina lao si la bahati mbaya, zamani zile za vita ya Ireland ya Kaskazini vikundi vya silaha mtaani vilikuwa na adhabu ya kumpiga mtu risasi ya goti, ndo wao wakachukua goti wakalifanya jina la bendi. Sasa ukishajua hilo unajua unashughulika na watu wa aina gani, watu ambao utani wao umekaa juu ya kidonda.

Aprili 2025 wakapanda jukwaa la tamasha la Coachella kule California wakaweka ujumbe wa Gaza kwenye skrini, Israel ikatajwa wazi. Ndani ya siku chache tu klipu za zamani zikaanza kufukuliwa, hii ya mbunge na nyingine ya shoo ya London ya Novemba 2024. Wao wakasema wanachafuliwa kwa sababu ya Palestina, kipande kimekatwa kikatolewa kwenye muktadha wake. Na mi kuhusu tarehe nawaunga mkono kabisa, mtu aliyekuwa anajali usalama wa wabunge angeileta hiyo klipu 2023, hangesubiri Coachella. Ila kufukuliwa kwa nia mbaya hakuyafanyi maneno yasiwe yamesemwa. Yalisemwa.

Sasa tuje upande wa wabunge, maana huku mtandaoni watu wanapita haraka sana. Mbunge wa Uingereza kila wiki au wiki mbili anakaa na wananchi wa jimbo lake, maktaba, ukumbi wa kanisa, popote, unaweka miadi unaingia unamweleza mfereji wenu umeziba au karatasi za uhamiaji za mumeo zimekwama. Hakuna geti, hakuna mlinzi mwenye bunduki. Kwa sisi tuliozoea mheshimiwa kuonekana na V8 kila baada ya miaka mitano ni kitu cha kuonea wivu, na ndo hapohapo wanapouliwa. Jo Cox, mama wa watoto wawili, miaka 41, alikuwa anakwenda kwenye kikao kama hicho nje ya maktaba ya Birstall tarehe 16 Juni 2016, wiki moja kabla ya kura ya Brexit, mtu akampiga risasi na kumchoma kisu. Ushahidi uliotolewa mahakamani ni kwamba aliwaambia wasaidizi wake wakimbie, huyo mtu amuumize yeye, wao waende. Miaka mitano baadaye, Oktoba 15, 2021, ikawa zamu ya David Amess, mzee wa miaka 69, ndani ya kanisa la Wamethodisti huko Leigh-on-Sea. Muuaji alikuwa ameomba miadi kama mwananchi mwingine yeyote. Akasubiri zamu yake.

Kwa hiyo Novemba 2023 unaposimama mbele ya umati unasema muueni mbunge wenu, Amess ana miaka miwili tu kaburini. Binti yake yupo. Mume wa Jo Cox yupo. Hao ndo waliotokea kwenye vyombo vya habari kuuliza hivi mnajua mnachosema? Kneecap wakaomba radhi kwa familia zote mbili mwishoni mwa Aprili, ila kwenye taarifa ileile wakaendelea kulalamika kwamba wanafanyiwa njama, na mume wa Jo Cox akasema hiyo ni nusu ya radhi. Alikuwa na haki. Kwetu ukienda kuomba msamaha msibani huanzi kuwashtaki majirani.

Mpaka hapo unaweza kudhani nataka wafungwe. Hapana, subiri.

Angalia waliowaua hao wabunge walikuwa wanakula nini kichwani. Yule wa Jo Cox alikuwa na lundo la vitabu vya Kinazi na itikadi za ubaguzi. Yule wa Amess ni mfuasi wa Islamic State, alipanga kwa miaka, na hasira yake ilikuwa kura za bunge za kupiga mabomu Syria. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye shoo ya rapu. Serikali ikitangaza pauni milioni 31 za ulinzi wa wabunge, kama ilivyofanya Februari 2024, hiyo naielewa, ina mlango na kamera na mlinzi ndani yake. Lakini kumfuata mwanamuziki ni kazi rahisi yenye kelele nyingi, inaonekana kwenye TV, na muuaji anayepanga chumbani kwake haimgusi.

Na mahakama zilishawahi kukutana na kitu kama hiki. 1966 kule Washington kijana wa miaka 18 kwenye mkutano wa wapinga vita ya Vietnam alisema wakimlazimisha kubeba bunduki, mtu wa kwanza anayetaka kumuona kwenye shabaha yake ni rais Johnson. Fikiria, Kennedy kauawa 1963, miaka mitatu haijafika! Wakamtia hatiani. Mahakama ya Juu ya Marekani 1969 ikaifuta hukumu, ikasema hayo ni maneno ya siasa yaliyotiwa chumvi, angalia yalisemewa wapi, angalia waliosikia walifanya nini. Walicheka.

Wanaowatetea Kneecap wanaipenda hoja hii, nami naipenda, ila tusidanganyane, yule kijana aliweka "wakinilazimisha". Kulikuwa na sharti, na alikuwa anaongelea hatma yake mwenyewe. Kneecap hawakuweka sharti lolote, walitoa amri.

Alafu kuna hii kauli ya "maneno hayaui", ambayo huwa inanichosha. Mei 2010 mbunge Stephen Timms alikuwa kwenye kikao na wananchi mashariki mwa London, akaja binti wa miaka 21, aliyekuwa mwanafunzi mzuri tu, akamsogelea kama anataka kumpa mkono, Timms akanyoosha wake, akachomwa kisu cha tumbo mara mbili. Akapona, na akaendelea na ubunge. Yule binti alisema mwenyewe polisi kwamba alikuwa amesikiliza mawaidha ya Anwar al-Awlaki, mhubiri wa al-Qaeda, kwenye intaneti, zaidi ya saa 100. Kwa hiyo maneno yanafika. Mtu wa Yemen anaongea, kisu kinatembea London.

Lakini ona tofauti. Saa 100. Mfululizo, kwa umakini, na mhubiri anayemaanisha kila neno na anayemjengea msikilizaji hoja hatua kwa hatua mpaka kisu kionekane wajibu. Si kamstari kamoja kati ya nyimbo mbili za madawa na kulewa.

Kipimo kizuri zaidi kilitengenezwa hapa kwetu Arusha, na nashangaa hakuna anayekikumbuka kwenye huu mjadala. Simon Bikindi, mwanamuziki maarufu wa Rwanda, alishtakiwa kwenye ile Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na moja ya mambo makubwa yaliyobishaniwa ni nyimbo zake zilizokuwa zinapigwa kwenye redio ya chuki ya RTLM wakati watu wanachinjwa. Kila mtu alitegemea atafungwa kwa nyimbo. Hukumu ya Desemba 2, 2008 ikaja tofauti. Majaji wakasema ndiyo, nyimbo ziligeuza historia, ndiyo zilitumika kwenye propaganda ya chuki, lakini alizitunga kabla ya mauaji na haikuthibitishwa kwamba alizitunga kwa lengo la kuchochea mauaji wala kwamba yeye ndo aliyezisambaza 1994. Kwa nyimbo hakupatikana na hatia.

Kilichomfunga ni gari. Mwishoni mwa Juni 1994, barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, Gisenyi, Bikindi yuko kwenye msafara na Interahamwe, wale wanamgambo wa Kihutu, gari lina spika, nyimbo zake zinalia, anatangaza kwamba Wahutu wainuke wawamalize Watutsi. Wakati wa kurudi kwa barabara ileile akawauliza watu kama wameshawaua hao nyoka. Wenye mapanga wako palepale barabarani, mauaji yana miezi karibu mitatu yanaendelea, na anayeuliza ni mtu mkubwa wanayemheshimu. Miaka 15. Rufaa ya 2010 ikaiacha hukumu kama ilivyo.

Chukua hicho kipimo kiweke kwenye shoo ya Kneecap. Kuna mauaji yanaendelea? Hakuna. Waliosikia wana silaha na walengwa wako mtaa wa pili? Wana bia. Msemaji ana mamlaka ya kuwaambia watu nendeni wakaenda? Nina mashaka hata DJ wake anamsikiliza. Kwa hiyo uchochezi kwa maana ya kesi, mi siuoni. Naona ujinga, naona ukatili kwa watu waliofiwa, lakini gereza ni kitu kingine.

Ila kesi ya Arusha inawauma na mashabiki wao pia. Wengi wanasema "ni sanaa, mnataka kufungia sanaa". Hapana bana. Mstari wa mbunge haukuwa ndani ya wimbo, haukuwa wa mhusika fulani kwenye hadithi, alikuwa yeye kwa sauti yake anaongea na watu. Majaji walitenganisha wimbo na spika ya gari kwa sababu hiyohiyo, kwamba ukiacha kuimba ukaanza kuwaagiza watu, wewe sasa ni mtu anayeongea kama mwingine. Uwe na redio, uwe na mimbari, uwe na maiki. Huwezi kutaka heshima ya sanaa kwa kila kinachokutoka mdomoni kisa umepanda jukwaa.

Na serikali je? Hapa ndo pananichekesha. Mei 2025 mmoja wao, Liam Óg Ó hAnnaidh, akashtakiwa kwa sheria ya ugaidi, ukidhani ni ile ya mbunge. Wala. Ni bendera ya Hezbollah, kundi la Lebanon lililopigwa marufuku Uingereza, aliyodaiwa kuionyesha kwenye ile shoo ya London ya Novemba 2024. Maneno yaliyoziliza familia mbili hayakuwemo kabisa kwenye shtaka. Alafu hata hiyo ya bendera wakaivuruga, kosa lile lina ukomo wa miezi 6 na linahitaji kibali cha mwanasheria mkuu, kibali kikapatikana siku moja baada ya shtaka kutolewa, muda umeshapita. Septemba 26, 2025 hakimu akaitupa. Siku moja!

Mwaka mmoja kabla ya klipu kulipuka waziri Kemi Badenoch aliwazuilia ruzuku ya pauni 14,250 ya kupeleka muziki nje, wakaenda mahakamani, Novemba 2024 serikali ikanywea. Sasa ukiwa na historia ya namna hiyo, kila unachowafanyia kinaonekana kisasi, hata kama safari hii una hoja.

Sisi tunaijua hii. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake wa kukosoa, kesho yake waziri Mwakyembe akatangaza kwamba rais Magufuli ameupenda na aachiwe, tena akashauriwa aongeze mistari. Wimbo uleule, siku moja ni kosa siku ya pili unafaa. Alafu Septemba mwaka huohuo Tundu Lissu akamiminiwa risasi nyumbani kwake Dodoma mchana kweupe, 16 zikampata, na hakuna aliyehukumiwa mpaka leo. Mtu akiniambia usalama wa wanasiasa unaanzia studio za muziki huwa namuuliza kuhusu Dodoma, basi tunabadilisha mada.

Kuna swali moja ambalo mi ningependa mwandishi awaulize wale jamaa wa Belfast, bila wakili pembeni na bila kuwapigia kelele. Novemba 14, 1981, kwenye ukumbi wa jamii wa Finaghy, humohumo ndani ya jiji lao, mbunge wa Belfast Kusini Robert Bradford alikuwa amekaa anasikiliza shida za watu wa jimbo lake. Watu wa IRA, kikundi cha silaha kilichotaka Ireland iwe moja, wakaingia wakampiga risasi, na mhudumu wa ukumbi naye wakamuua. Wao walikuwa hawajazaliwa au wachanga, wamekulia kwenye amani iliyoletwa na mkataba wa 1998, magoti yao yako salama. Siku ile wanasema muueni mbunge wenu, Finaghy iliwapita kichwani hata kidogo?