Kila Fundi na Ugonjwa Wake

Ukitaka kujua Dar es Salaam ina mafundi wangapi, zimikiwa na pikipiki pale Ubungo saa moja na nusu asubuhi. Hujashuka hata kwenye siti, mtu ameshakwambia ni plagi. Hajaiona plagi yenyewe. Yuko ng'ambo ya barabara, ana chapati mkononi, na anakupigia kelele juu ya vichwa vya abiria wa mwendokasi: "Plagi hiyo, mzee! Toa plagi!"

Yangu ni Honda CG125, ya zamani, rangi ya tangi imeshapauka. Msiicheke. Wajapani waliitoa mwaka 1976 wakiwa wameshajua tabia zetu sisi wa nchi hizi: mtu anapakia magunia ya mkaa, anaongeza shemeji juu yake, na oili habadilishi mpaka injini yenyewe ianze kulalamika. Ndiyo maana wakaipa injini ngumu, isiyo na makuu. Valvu zake zinasukumwa na vijiti, na camu, kile chuma kinachovisukuma vijiti hivyo, inazungushwa na gia. Haina cheni ya taimingi humo ndani, ile inayozungusha camu kwenye injini nyingine. Lishikeni hilo la cheni.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi inawaka vizuri, kiki moja tu, sailensa imetulia. Tunatoka Kimara tunashuka Morogoro Road bila neno. Tukikaribia Ubungo inaanza kukohoa. Navuta moto, haipokei. Inakohoa tena, inazima. Nikisimama pembeni nikaipumzisha kitambo, inawaka tena bila kinyongo, tunafika Magomeni, inazima. Mke wangu akasema ina jini. Mama ntilie wa pale kituoni akauliza kama kuna jirani nimekosana naye. Bodaboda wa kijiweni wakasema nimewekewa petroli yenye maji. Hao wote nawasamehe kwa sababu hawakunitoza hela.

Mafundi sasa.

Wa kwanza aliniuliza, "Mafuta yapo?" Nikamwambia yapo, nimejaza jana. Mjini hapa hajazaliwa fundi wa kukuamini ukisema mafuta yapo. Akafungua tangi, akachungulia kwa jicho moja, akaitikisa pikipiki asikie mlio, akafunga. "Yapo," akaniambia, utadhani mimi ndiye niliyeuliza. Akachomoa plagi. Ilikuwa kahawia, kavu, safi. Mtu yeyote aliyewahi kushika spana anajua kwamba plagi ikiwa nyeusi ya masizi petroli imezidi, ikiloa oili ringi zimechoka au sili za valvu zimeisha, ikiwa nyeupe injini inaungua kwa joto. Kahawia ndiyo afya yenyewe. Fundi akaigeuzageuza afya yangu, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya picha ya eksirei. "Hii imekufa, mzee."

Mpya alikuwa nayo mfukoni. Hakupima hata ule mwanya wa kurukia cheche, wa 0.6 hadi 0.7 mm, akaipachika hivyo hivyo. Nikapiga kiki, ikawaka! Nikalipa, na nikamsifia mbele ya watu.

Kesho yake nikazimikiwa Manzese. Fundi wa huko akauliza mafuta, akafungua tangi, akachungulia, akafunga. Plagi mpya akaidharau. Yeye alisema koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche. Akachomoa plagi, akaivisha kofia yake, akaniambia, "Mzee, shikilia hapa, uigusishe kwenye injini tuone cheche." Nikashikilia. Sikujua kwamba ule waya una mpasuko chini ya kidole changu. Alipopiga kiki, mkono wangu ulikwenda wenyewe mpaka begani, na neno lililonitoka siwezi kuliandika hapa. Hapo unachezewa na volti zaidi ya elfu 10. Yeye akafurahi sana. "Umeona? Cheche ipo, ila haina nguvu." Haina nguvu? Kidole kilikuwa kinanicheza bado! Akafunga koili mpya, ikawaka, nikalipa.

Wa Kariakoo akaona mafuta kwanza, kama kawaida yao, kisha akasema kabureta. Huyu angalau aliifungua kweli, akaisafisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kwa petroli na kuipuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakajaa. Haikuwa na uchafu wowote. Akaniuzia nyingine. Ikawaka.

Halafu nikakutana na yule kijana wa Buguruni, ambaye pikipiki alizozizoea ni hizi za juzi. Akafungua tangi, akafunga, akaweka sikio kwenye injini huku macho ameyafumba. "Mzee, cheni ya taimingi imelegea. Injini ishushwe." Nikamwambia, kijana wangu, injini hii haina cheni ya taimingi. Akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Zote zinayo, mzee. Ni vile hii yako hujawahi kuifungua." Na cheni anayo, orijino, akaenda kuniletea nione. Aliporudi nilikuwa nimeshapiga kiki nimeondoka. Ndiyo, iliwaka. Bila cheni.

Kinachoniudhi si pesa. Pesa pia inaniudhi. Ila kikubwa ni kwamba kati ya wote hao hakuna aliyeniuliza: inazima baada ya mwendo gani? Ukiipumzisha inawaka? Kabla ya kuzima inakohoa au inakatika ghafla? Injini inataka mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kipimo chake, mgandamizo, na cheche kwa wakati wake. Uliza maswali mawili matatu, nusu ya gereji umeshaiweka pembeni bila kushika spana. Lakini maswali hayauzwi Kariakoo. Koili zinauzwa.

Basi siku moja ikaanza kukohoa hatua chache kabla ya sheli. Nikaisukuma ndani, nikafungua mfuniko wa tangi ili niongeze mafuta. Fyuuuu! Dada wa pampu akarudi nyuma na bomba lake mkononi. "Kaka, mbona tangi lako linavuta pumzi?"

Nikaugeuza ule mfuniko. Ndani kabisa, chini ya mpira, pamekunjwa kipande cha rambo nyeusi, nyeusi juu ya nyeusi, usipochokonoa kwa ukucha huioni. Rambo! Mifuko ya plastiki nchi hii ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kumbe moja ilikimbilia kwenye tangi langu. Mfuniko una tundu dogo la kupitishia hewa, kwa sababu petroli ikishuka kwenda kwenye kabureta lazima hewa iingie juu kuchukua nafasi yake. Ukiliziba, petroli inaning'inia humo humo, haishuki, injini inakufa kwa kiu na tangi limejaa. Hewa ikipenyapenya taratibu, inafufuka. Na ukifungua mfuniko inafufuka papo hapo.

Sasa kumbuka kila fundi alianza kwa kufungua nini.

Mwenye nailoni nilimpata siku hiyo hiyo. Ni kijana anayeniosheaga pikipiki pale Kimara, wala hakukataa. "Si masika hii, bosi? Nilikuwekea maji yasiingie kwenye tangi. Na sikukudai." Nimgombeze vipi mtu wa namna hiyo?

Nikaenda Manzese kudai hela ya koili. Koili yangu ya zamani mkono huu, nailoni mkono huu. Nikamweleza fundi mwanzo mpaka mwisho: tundu, hewa, mfuniko, fyuuu. Akasikiliza kwa adabu zote.

"Mzee, pikipiki inawaka?"

"Inawaka."

"Inazima njiani?"

"Haizimi."

"Na koili iliyomo ni yangu?"

"Ni yako."

Akaichukua ile nailoni, akainyoosha juu ya goti, akaiangalia pande zote mbili. "Koili ikiwa mbovu," akasema, "inavuta nailoni."

Kijiwe kizima kikaafiki.