Tungule za Unguja na jiko la hoteli

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000, na hoja ileile imerudi barazani: hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zinunue mazao ya hapahapa, vijana wapate kazi shambani na hotelini. Inapendeza kuisikia. Tabu ni kwamba inazungumzia "mazao" kana kwamba ni kitu kimoja.

Wanaoipinga hawakosi sababu. Hoteli nyingi ziko uwandani, mashariki na kaskazini, ambako udongo ni kiganja tu juu ya jiwe, na kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi huingia chumvi. Udongo wa kina uko magharibi na katikati, na huko nyumba zinaota haraka kuliko mihogo. Mbatata za nyanda za juu za Bara na vitunguu vya Mang'ola huvumilia bohari na safari ya baharini. Kushindana navyo ni kujichosha bure, na hapo wapinzani nawaunga mkono.

Majani ni habari nyingine. Saladi, giligilani, mnanaa na mchicha hunyauka vikichelewa bandarini nusu siku. Mchicha huvunwa wiki 3 hadi 4 baada ya kusia, saladi wiki 6 au 7 ukiiwekea kivuli cha wavu. Eneo dogo, maji kidogo, fedha ya mara kwa mara. Hapa Bara haiwezi kumshinda mkulima wa Unguja, labda ajishinde mwenyewe.

Tungule, yaani nyanya, ziko katikati, na kalenda ndiyo huamua. Ukisia mwishoni mwa Aprili, kitalu kikiwa chini ya paa la nailoni kwa sababu ya masika, unahamisha miche mwishoni mwa Mei na kuanza kuchuma kuelekea mwisho wa Julai. Kipupwe kinasaidia, na hoteli zimejaa. Msimu wa pili wa wageni, Disemba hadi Februari, huangukia joto la kaskazi: maua hupukutika, na kantangaze, kiwavi wa tungule, hutoboa majani na matunda. Anayepiga dawa ileile kila wiki humzoesha mdudu. Abadilishe aina ya dawa, atege mitego ya harufu, ang'oe na kuteketeza masalia.

Hesabu sasa. Robo eka iliyotunzwa vizuri hutoa tani 2 hadi 3 kwa wiki 6, wastani wa kilo 50 hadi 70 kwa siku. Zingatia kwamba ni wastani: wiki ya tatu zinafurika, ya sita unaokoteza. Mpishi anayetaka kilo 60 za ukubwa mmoja kila alfajiri hawezi kumtegemea mkulima mmoja. Wanahitajika watatu au wanne wanaopishana kupanda kwa wiki mbili mbili, na mtu wa kuchambua, kupima na kutoa risiti.

Upande wa hoteli nao una kasoro yake. Ajira ipo, lakini masika baadhi hufunga na wafanyakazi wa mkataba wa msimu hurudishwa nyumbani. Mwaka 2020 wageni walishuka hadi takriban 260,000 kutoka zaidi ya 538,000 mwaka uliotangulia. Nafasi zenye mshahara mzuri hudai lugha na mafunzo, na wengi wanaozipata wametoka Bara au Kenya. Chuo cha utalii Maruhubi, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kinasaidia, ila hakiwezi kuwabeba wote.

Karafuu siiweki hapa: mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, na mtalii huondoka na kifuko kimoja tu.

Kinachokwama zaidi, kwa maoni yangu, ni malipo kuliko kilimo. Hoteli hulipa baada ya siku 30, pengine 60. Mkulima ana deni la mbegu na dawa leo. Ushirika usio na mtaji wa kumlipa papo hapo hautamzuia kupeleka tenga lake soko la Mwanakwerekwe. Dalali atalinunua kwa fedha taslimu, atalichanganya na la Lushoto, huko Bara, na kesho litafika jikoni kwa mpishi yuleyule, kwa bei ya juu.